Fundi na Kampuni

Nani anastahili sifa zaidi: abuniye kitu, au akifikishaye mikononi mwa watu? Zamani nililiona jibu kuwa rahisi, mpaka nilipoyatafakari maisha ya fundi saa Mwingereza, George Daniels.

Ndani ya saa ya springi mna kifaa kinachoachia nguvu ya springi kidogo kidogo. Ndicho kitoacho ule mlio wa tiki-tiki. Kwa miaka mingi mafundi walifuata mtindo uliobuniwa na Thomas Mudge katika karne ya 18. Kasoro yake ni kwamba sehemu zake husuguana, hivyo huhitaji mafuta, na mafuta yakizeeka saa hupoteza majira. Katika miaka ya 1970 Daniels, mtoto wa kimaskini wa London aliyetengeneza saa zake kwa mikono, alibuni kifaa kilichopunguza sana msuguano huo. Akabisha hodi kwenye kampuni kubwa za Uswisi. Miaka ikapita bila mlango kufunguka. Mwishowe Omega ilikubali, na mwaka 1999 ikaanza kuuza saa zenye kifaa hicho.

Ni rahisi kuzilaumu kampuni hizo. Lakini yafaa tukumbuke kwamba mwaka 1969 Seiko ya Japani ilileta saa ya mkono ya betri, na maelfu ya Waswisi wakapoteza kazi. Fundi wa peke yake akikosea, ameharibu saa moja. Kampuni ikikosea, nyumba nyingi hulala njaa. Basi tahadhari si dhambi. Dhambi, naona, ni kiburi cha kukataa jambo jema kwa kuwa halikuzaliwa nyumbani mwetu, au kwa kuwa kulikubali ni kukiri kasoro ya tunachokiuza.

Na fundi naye ana kiburi chake. Daniels angeweza kukifungia kifaa chake katika saa chache za matajiri, jina lake likang'aa humo. Yeye alitaka kiingie viwandani, kitengenezwe na mashine za watu wengine. Alifariki mwaka 2011, na sidhani kama wengi wanaovaa saa hizo wanalijua jina lake.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Siulizi tena nani ana sifa zaidi. Najiuliza kama mimi, mwenye jambo langu dogo nilijualo, ningekubali limnufaishe mtu asiyenijua.