Mtaa Hauzai Mtoto

Katika miji yetu, tangu Dar es Salaam hata Mwanza na Arusha, wako watoto walalao vibarazani mwa maduka, na wengi wao hushika kichupa cha gundi ya viatu. Sisi twapita upande, twawaita wahuni, twashika mifuko yetu.

Yatupasa kwanza kujua kwa nini mtoto hunusa gundi. Mvuke wake hupanda upesi ubongoni, ukamsahaulisha njaa, baridi na hofu ya usiku. Lakini mvuke ule ule huharibu ubongo, maini na mafigo, na pengine moyo husimama ghafula. Ndiyo kusema, mtoto yule ajinunulia kwa sumu vitu ambavyo angevipata bure nyumbani: chakula, blanketi, na mtu wa kumlinda.

Wakristo wenzetu, mtaa hauzai mtoto. Kila mmoja wao ametoka katika ukoo fulani, na pengine katika parokia yetu wenyewe. Wengi walikimbia fimbo isiyo na kiasi, ulevi wa baba, au mateso ya mzazi wa kambo. Wengine walifiwa, na ndugu wakagawana mashamba, wala hakuna aliyemtaka mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamwagiza mzazi ampe mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Ni sheria njema. Lakini sheria haiwezi kuketi na mtoto jioni na kumwuliza machozi yake yametoka wapi.

Mtakatifu Yohane Bosco alipowakusanya vijana maskini wa mji wa Torino, Italia, hakuwapa paa na mkate tu. Mwaka 1846 mama yake, Margherita, mjane wa shamba, aliacha kwake akaenda kukaa nao. Akawapikia, akawashonea, akawaonya kwa upole, mpaka alipofariki mwaka 1856. Vijana wale walipata mama, si bweni tu.

Basi, baba, fedha ya pombe iwe chakula cha jioni, nawe uwepo mezani na katika sala. Mama, mkanye mtoto pasipo kumfukuza. Shangazi na wajomba, yatima wa ndugu yenu ni wenu. Mwenye duka, usimwuzie mtoto gundi kwa faida ya senti chache. Kila senti utaulizwa. Na mtoto akirudi, mchafu na mwenye kutetemeka, asipokewe kwa fimbo, maana fimbo itamrudisha kule kule. Kuiacha gundi ni kazi ya siku nyingi. Apelekwe hospitali, tena avumiliwe.

Baba yule wa Injili ya Luka alimwona mwanawe angali mbali, kwani macho yake hayakuiacha njia. Sisi je, macho yetu yatazama wapi? Mungu Baba atujalie kuwatambua watoto wetu kabla mauti hayajawatambua. Amina.