KAZI YA MTOTO WAKATI WA VAKANSI: TUNAMFUNDISHA AU TUNAMTUMIA?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Kwa kawaida shule zetu hufungwa mwanzoni mwa Julai na kufunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Ni miezi miwili. Katika miezi hiyo watoto wadogo, wa miaka mitano, sita, saba, wako mikononi mwetu kutwa nzima. Leo tujiulize: tunapompa mtoto huyo kazi, tunamfundisha au tunamtumia? Kwa macho mambo haya mawili yanafanana. Mtoto wa nyumba hii anachambua maharagwe, na wa nyumba ile anachambua maharagwe. Tofauti iko wapi?

Wako watakaosema hakuna tofauti. Sisi tulibeba maji na kuni tukiwa wadogo, na tuko hai. Ni kweli tuko hai, lakini kuwa hai si ushahidi kwamba tulitendewa haki. Wazazi wengi wa leo walikuwa watoto, au walikuwa hawajazaliwa, machafuko yalipoanza hapa kwenye soko la Ntoto Machi 1993 na kuenea Walikale na Masisi. Wengine masomo yao yalikatika kwa kukimbia huku na kule. Leo mzazi huyo anasema: mimi sikusoma, nitamfundisha mtoto nini? Basi anamtuma tu, kutoka asubuhi mpaka magharibi.

Mimi naona kipimo ni hiki: kazi inapokwisha, mtoto amebaki na nini? Mama wa nyumba ya kwanza anakaa naye, anamwambia: tenga nyekundu huku na nyeupe kule, halafu panga kumi kumi, uniambie ni makumi mangapi. Mama huyo pengine hajui kuandika jina lake, lakini amefundisha hesabu. Kisha wanachukua punje mbili, wanazipanda katika kopo la zamani lenye udongo, na kila Ijumaa mtoto anapima mche kwa uzi na kufunga fundo. Katika nyumba ya pili kikapu kimejaa, mtoto amechoka, na hakuna aliyesema naye neno ila kumharakisha.

Na hata somo jema lina mwisho wake. Kazi aliyojifunza Jumatatu, akiifanya siku ya thelathini si somo tena, ni msaada. Kumsaidia mzazi ni wajibu wa mtoto, hatukatai. Ila tuuite msaada, tuupime kwa umri wake, tusiufunike kwa jina zuri la malezi. Bidoni ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20 na zaidi. Mtoto wa miaka sita mwenyewe ana uzito karibu na huo.

Hapa kuna jambo gumu. Mjane mwenye watoto watatu na shamba moja hana mwingine wa kumtuma mtoni. Hatuwezi kumwita mdhalimu. Lawama inarudi kwetu majirani, tunaomwona mtoto wake amepinda shingo njiani na sisi tunapita mikono mitupu.

Kazi nyingine hazihitaji kupimwa. Shimo la kasiterite halina somo lolote kwa mtoto, wala kuosha mawe mtoni ili apate franka kidogo. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu kumlinda mtoto inakataza kazi za kumwangamiza namna hiyo.

Angalieni Anas bin Malik (r.a.). Alikuwa kijana wa miaka kumi hivi mama yake, Umm Sulaym, alipompeleka kumtumikia Mtume (s.a.w.). Alitumikia miaka kumi, kazi za kweli, za kutumwa huku na kule. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba hakuwahi kukaripiwa kwa alichofanya wala kwa alichoacha. Alitoka katika utumishi huo akiwa mwalimu, na hadithi alizopokea zinazidi 2000. Na mdogo wake, Abu Umayr, alikuwa na kindege cha kuchezea. Mtume alimwuliza habari za kindege chake.

Nasema haya ya mchezo kwa sababu kuna wazazi wa upande wa pili, wanaotaka likizo iwe darasa jingine: chuo asubuhi, daftari mchana, kukariri usiku. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Ihya kwamba mtoto akitoka chuoni aachwe acheze, maana kumnyima mchezo kunaua moyo wake na kuzima akili yake. Kwa watoto hawa nusu saa ya somo la mikono asubuhi, jua halijawa kali, inatosha. Baadaye chuo, kisha waachieni uwanja.

Jambo moja linaniudhi. Katika nyumba nyingi mvulana anapewa chaki na msichana anapewa bidoni. Wote wawili watarudi shule Septemba kukaa darasa moja. Wabadilishane, leo huyu na kesho yule.

Na akina baba wasiseme haya ni ya wanawake. Baba asimike fimbo iliyonyooka uani, yeye na mtoto watie alama kwa kijiwe pale kivuli kinapokuwa kifupi kabisa. Kikianza kurefuka, adhuhuri imeingia. Kivuli kikizidi urefu ule wa adhuhuri kwa kipimo cha fimbo yenyewe, ni alasiri. Mwezi wa Julai kivuli cha adhuhuri hapa kwetu hulala upande wa kusini, na Desemba hulala kaskazini. Mtoto ataona na atauliza kwa nini. Baba asiyejua amshike mkono, waende pamoja wakamwulize mwalimu.