Dereva Hachagui Abiria

Kila aliyesomea sheria ameshaulizwa swali hili, aghalabu na shangazi au mjomba kwenye shughuli ya familia: "Hivi mnawezaje kumtetea mtu mnayejua kabisa ni mwovu?" Jibu la vitabuni liko tayari. Mshtakiwa amesimama peke yake mbele ya dola yenye polisi, magereza na waendesha mashtaka. Asipopata wa kumsemea, hukumu inakuwa imeandikwa kabla kesi haijaanza. Ni jibu zuri na ninaliamini. Lakini ni jibu la kesi za jinai. Ukihamia kwenye kesi za madai, linaanza kuyumba, maana huko anayemtafuta wakili huenda ni kampuni kubwa au tajiri wa mafuta, na aliye upande wa pili ni mwandishi mmoja anayedaiwa kodi ya nyumba.

Nataka kuliuliza swali la shangazi huko huko kwenye madai, na mahali pazuri pa kuliulizia ni London. Ndiko lilikopewa jibu rasmi, na sheria zetu zina mizizi huko. Kenya ilirithi sheria ya Uingereza inayojengwa na hukumu za majaji kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920.

Uingereza mawakili wamegawanyika. Kuna anayekaa na mteja, kukusanya nyaraka na kuandika barua. Kuna mwingine, huyu wa joho na wigi, anayeitwa kutoa ushauri wa kitaalamu na kusimama mbele ya jaji. Nitamwita wakili wa mahakamani. Wengi wa kundi hili hujitegemea, ingawa hupanga ofisi pamoja na kuchangia gharama. Wapo wanaoishi kwa kesi za jinai, na wapo ambao meza zao zimejaa mambo ya biashara: mgogoro wa jengo leo, kashfa ya gazeti kesho, picha za faragha keshokutwa.

Ardhi, jina na faragha zinaonekana kama mambo matatu tofauti, lakini kote humo ugomvi ni wa uzio. Mtu anasema: hapa ndipo ninapoanzia mimi, wewe ishia pale. Tazama kesi ya jumba la sanaa la Tate Modern. Mwaka 2016 jumba hilo lilifungua roshani ambapo wageni wangeweza kuitazama London yote. Kando yake kulikuwa na maghorofa yenye kuta za vioo, na wageni wakawa wanatazama pia sebule za watu, wengine wakiwapiga picha. Wenye nyumba walishtaki. Walishindwa Mahakama Kuu mwaka 2019, wakashindwa rufaa mwaka 2020, kisha tarehe 1 Februari 2023 Mahakama ya Juu ikawapa ushindi, majaji watatu kwa wawili. Kutazamwa mfululizo namna ile, walisema walio wengi, ni kero ambayo sheria ya ardhi inaweza kuizuia.

Wengi wetu tukisoma habari hiyo mioyo yetu inaelemea kwenye roshani. Jumba ni la umma, na wale ni matajiri waliochagua wenyewe kuishi ndani ya vioo. Wafunge mapazia! Ndivyo alivyofikiri hata jaji wa kwanza. Lakini kanuni iliyozaliwa pale haikuandikiwa matajiri peke yao. Siku moja itamfaa mpangaji wa chumba kimoja ambaye jirani yake ameamua kugeuza dirisha lake kuwa sinema. Kama kila wakili angekataa kesi ile kwa kuwa wateja hawavutii huruma, kanuni hiyo isingekuwepo.

Hapa ndipo inapoingia sheria maarufu ya mawakili hao, iliyopewa jina kutokana na foleni ya magari ya kukodi. Dereva aliye mbele kwenye foleni humchukua abiria anayefuata. Hamuulizi dini yake wala anakwenda kufanya nini. Vivyo hivyo wakili wa mahakamani akiletewa kesi iliyo ndani ya ujuzi wake, akiwa na nafasi, bila mgongano wa maslahi na kwa malipo yanayostahili, hapaswi kuikataa kwa sababu tu mteja au hoja yake inamchukiza.

Asili ya fahari ya sheria hii ni tukio la mwaka 1792. Thomas Paine alishtakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya kitabu chake kuhusu haki za binadamu, na Thomas Erskine akakubali kumtetea. Wakati huo Erskine alikuwa mwanasheria mkuu wa Mwanamfalme wa Wales. Alitetea, akashindwa, na cheo kikaondoka. Kinachowafanya mawakili wamkumbuke hadi leo ni kwamba alikuwa na cha kupoteza, akakipoteza.

Sasa rukeni naye miaka mia mbili, mpaka kwa wakili aitwaye Richard Rampton. Mwaka 1996 David Irving, mwandishi aliyekuwa akikanusha mauaji ya Wayahudi, alimshtaki London mwanahistoria wa Marekani Deborah Lipstadt pamoja na wachapishaji wake, Penguin. Alidai kitabu cha Lipstadt kimemchafulia jina. Katika kashfa, sheria ya Uingereza humtaka aliyeandika athibitishe kuwa alichoandika ni kweli. Kwa hiyo Lipstadt, mtu aliyeshtakiwa, ndiye aliyebeba mzigo wa kuthibitisha. Rampton aliongoza utetezi wake mahakamani. Alikwenda Auschwitz na wataalamu, akarudi na hoja zilizobomoa maandishi ya Irving tanbihi kwa tanbihi. Tarehe 11 Aprili 2000 Irving alishindwa. Baadaye ilitengenezwa filamu, na ukiitazama utatoka ukitamani kuwa wakili.

Filamu hiyo haisimulii kesi ya miaka michache nyuma, ambayo Rampton huyo huyo aliisimamia. McDonald's iliwashtaki Helen Steel na David Morris, wanaharakati wawili wa London wasio na mali, kwa sababu ya kipeperushi kilichoikosoa. Kesi ilisikilizwa kwa siku 313 na hukumu ikatoka mwaka 1997. Msaada wa kisheria wa serikali haukutolewa kwa kesi za kashfa, hivyo wawili hao walijitetea wenyewe, wakisaidiwa bure pembeni na mawakili wachache, mmoja wao kijana aitwaye Keir Starmer. Rampton alisimama upande wa kampuni. Jaji aliona baadhi ya waliyoandika ni kweli, mengine hapana, akaamuru walipe fidia. Mwaka 2005 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema Uingereza ilikuwa imewanyima haki: kuwaacha watu wawili bila msaada mbele ya mpinzani wa ukubwa ule hakukuwa usikilizwaji wa haki, na uhuru wao wa kujieleza ulivunjwa pia.

Shangazi angeuliza: huyu mtu ni shujaa au ni mamluki? Sheria ya foleni inajibu kwamba swali lenyewe limekosewa. Ni dereva mmoja aliyebeba abiria wawili kwa umakini ule ule. Nakubali. Simwoni Rampton kuwa na doa kwa kuisemea McDonald's, kama nisivyomwona mtakatifu kwa kumsemea Lipstadt. Tukianza kumhesabia wakili dhambi za mteja wake, atakayekosa mtetezi kwanza hatakuwa tajiri. Atakuwa yule ambaye mtaa mzima umeshamkatia shauri.

Lakini mfano wa foleni una tundu, na kesi ya kipeperushi inalionyesha wazi. Steel na Morris nao walikuwa barabarani wakisubiri gari. Hakuna dereva aliyewakataa kwa chuki. Hawakuwa na nauli, basi. Sheria ya foleni humkataza dereva kubagua abiria kwa sura, ila haimwambii lolote kuhusu mfuko mtupu. Wahenga walishasema mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama.

Uingereza ilijaribu kuliziba tundu hilo kwa kuruhusu makubaliano ambayo mteja halipi mpaka ashinde, na akishinda, aliyeshindwa humlipa wakili pamoja na nyongeza ya ushindi. Mwanamitindo Naomi Campbell alilishtaki gazeti la Daily Mirror kwa kuchapisha habari na picha za matibabu yake ya uraibu. Mwaka 2004 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho, lilimpa ushindi, tena watatu kwa wawili. Fidia ilikuwa pauni 3,500. Gharama za kesi ambazo gazeti lilidaiwa zilizidi pauni milioni moja, sehemu yake ikiwa ile nyongeza. Mwaka 2011 Mahakama ya Ulaya ilisema mzigo wa nyongeza hiyo ulivunja uhuru wa gazeti kujieleza. Mlango uliojengwa kwa ajili ya wasio na nauli ulikuwa umepitwa na mtu ambaye angeweza kulinunua gari lenyewe. Tangu Aprili 2019, katika kesi za kashfa na faragha, aliyeshindwa hatozwi tena nyongeza hiyo. Tajiri hakuumia sana na mabadiliko hayo. Mwalimu mstaafu anayeitwa muuaji na magazeti kwa kosa asilotenda ndiye aliyeachiwa mlango mwembamba zaidi.

Machi 2023 mawakili zaidi ya mia moja wa Uingereza walitangaza kwamba hawatasimamia miradi mipya ya mafuta na gesi wala kuwashtaki wanaharakati wa tabianchi wanaoandamana kwa amani. Walijua wanaigusa sheria ya foleni. Nauheshimu ujasiri wao, lakini sidhani wameushika mwisho unaofaa wa tatizo. Kampuni ya mafuta haitakosa wakili kwa sababu mia moja wamekataa. Mazoea ya kukataa, hata hivyo, yataenea, na yatawafikia wale wasio na wakili wa akiba.

Naona uzito wa dhamira uko kwenye usukani. Kuchagua abiria, dereva ameondolewa. Njia bado anaishika yeye. Kwenye kashfa na faragha ugomvi mwingi huisha bila jaji kuuona: inakwenda barua, mwandishi anapiga hesabu ya gharama, anafuta aya. Mwaka 2021 Catherine Belton na wachapishaji wake, HarperCollins, walijikuta wakidaiwa London na mabilionea kadhaa wa Urusi pamoja na kampuni ya mafuta ya Rosneft, wote kwa kitabu kimoja kuhusu utawala wa Putin. Hakuna madai yaliyofika hukumu ya mwisho. Sitasema kila mdai hakuwa na haki. Jina la tajiri nalo huweza kuchafuliwa. Ila mwandishi anayekabili msururu wa namna ile anaweza kushindwa na ankara hata akiwa na ukweli. Bunge lilitambua hilo, na sheria ya mwaka 2023 kuhusu uhalifu wa kiuchumi ikawapa majaji uwezo wa kuzitupa mapema kesi za kunyamazisha watu, ingawa tu pale habari inapohusu uhalifu wa aina hiyo.

Kabla ya barua ya namna hiyo kwenda, mara nyingi kuna kikao. Mteja mwenye hasira anamuuliza mtaalamu: nina kesi? Chumbani humo hakuna gazeti wala jaji, na siri ya wakili na mteja imefunga mlango. Wakili anaweza kusema: umeumia kweli, lakini kilichoandikwa ni kweli pia, rudi nyumbani. Anaweza kusema: omba sahihisho la sentensi moja, usidai kitabu kizima kiondolewe. Au anaweza kusema kwamba kesi ni dhaifu ila mpinzani hana fedha za kuligundua hilo. Majibu yote matatu yanaweza kutoka kinywani mwa mtu aliyeitii sheria ya foleni. Kanuni zinamkataza kuipotosha mahakama, na kudai ulaghai bila ushahidi wa kuaminika. Haziwezi kuandikwa kwa wingi wa kutosha kumfuata mpaka ndani ya kile chumba.

Kwa hiyo shangazi yuko sahihi kuuliza, ila amelielekeza swali mlangoni mwa gari. Kumtetea mwovu ni kazi, na mtu mwema anaweza kuifanya maisha yake yote. Kinachomtofautisha wakili na mtu wa kukodiwa ni kile alichomwambia abiria kuhusu njia: alikataa uchochoro upi, alizirefusha siku za kesi kwa sababu gani, na alimwona nani upande wa pili alipokuwa akiandika ushauri wake. Walio vyuoni sasa wakisomea sheria watafundishwa foleni kwa saa moja na kuifaulu kwenye mtihani. Ya usukani hakuna atakayewasahihishia, kwa kuwa wanaojua walichoshauri watakuwa wao na mteja tu, na mteja ameshalipa.