Kuchukia Dhambi Si Ruhusa ya Kuwinda Watu

Uvumilivu ni neno jepesi kutamka na zito kutenda. Mtu huvumilia mambo yasiyomwudhi, kisha hujiita mvumilivu, hali kwa hakika hajavumilia kitu. Uvumilivu huanza pale moyo unapokereka. Kwa sababu hiyo, namna ya kuwatendea watu wanaotuhumiwa kwa mapenzi ya jinsia moja ni mtihani wa kweli kwa mtu wa dini. Dini yake humwambia kwamba tendo hilo ni kosa. Na dini hiyo hiyo humfunga mikono asimdhulumu mtu. Wengi huisikia amri ya kwanza kwa masikio mawili. Ya pili huipa kisogo.

Jambo hili si la kubuni. Mwishoni mwa Oktoba 2018, Paul Makonda, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wakati huo, alitangaza kuundwa kwa kamati ya kuwasaka watu wa namna hiyo, akawataka wananchi wampelekee majina. Haukupita muda akaeleza kwamba amekwisha pokea ujumbe 5,763, na ndani yake majina zaidi ya 100. Tarehe 4 Novemba mwaka huo Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa taarifa kwamba hayo ni maoni yake binafsi, wala si msimamo wa Serikali. Lakini neno likitoka halirudi kinywani. Habari za siku zile zilieleza juu ya watu waliojificha na wengine waliohama makazi yao kwa hofu. Tena, kelele hiyo haikuwa ya kwanza. Februari 2017 Wizara ya Afya ilikwisha visimamisha vituo 40 vilivyowapa watu hao huduma za kujikinga na UKIMWI. Na Oktoba 2017 polisi waliwakamata watu 13, miongoni mwao mawakili, waliokuwa wameketi katika hoteli moja mjini wakishauriana juu ya njia ya mahakama.

Sasa tuutazame mji wenyewe ambamo majina yale yalikusanywa. Mtu akiondoka Posta kwa miguu, akapita Kisutu na Mnazi Mmoja mpaka Kariakoo, atakuwa amepita karibu na kanisa la Walutheri na kanisa la Wakatoliki, mahekalu ya Wahindu, na misikiti ya madhehebu mbalimbali. Watu wa nyumba hizo za ibada hawakubaliani juu ya jambo lililo kubwa kuliko yote, yaani Mungu ni nani na aabudiwe vipi. Kwetu sisi Waislamu, kumshirikisha Mungu ni dhuluma iliyo kuu. Kurani Tukufu yatuambia hivyo kwa ulimi wa Lukmani alipomwonya mwanawe (31:14). Wala si dhambi ya kificho: sanamu zimo hekaluni mchana kweupe, na kengele na adhana husikika mtaa mmoja.

Je, ni nani katika Kariakoo aliyewahi kutaka orodha ya majina ya majirani zake wanaoabudu kinyume na yeye? Hakuna. Mwislamu hununua kitambaa katika duka la Mhindu, Mkristo hukopeshwa unga na Mwislamu, wote husalimiana asubuhi na kuzikana jioni. Hakuna aliyeiacha imani yake kwa kufanya hivyo, wala hakuna anayedhani kwamba kumsalimu jirani ni kuikubali ibada yake. Hesabu yake wamemwachia Mwenyezi Mungu, na heshima yake kama mwanadamu wameichukua mikononi mwao. Huo ndio uvumilivu, na wakazi wa mji ule wanaujua bila kufundishwa na mtu. Basi swali langu kwa msomaji ni hili: ikiwa tumeweza kuishi kwa amani na tunayeamini kwamba anakosea katika haki ya Mungu mwenyewe, ni kwa hoja gani tunasema haiwezekani kumwacha salama mtu tunayemdhania kosa lililo chini ya hilo?

Huenda mtu akajibu kwamba watu wa Nabii Lut (a.s.) waliangamizwa, na kwamba kisa hicho chatosha kuwa hoja. Namwomba asiifunge Kurani Tukufu mapema. Katika Sura Hud, mara tu baada ya kisa cha Lut, hufuata kisa cha watu wa Madyan (11:85). Hao waliangamizwa pia. Nabii Shuaib (a.s.) aliwaonya juu ya ushirikina wao, kisha juu ya mizani: walipunguza vipimo na kuwapunja watu vitu vyao. Visa viwili vimewekwa bega kwa bega, na maangamizi mawili. Na ni wapi penye mizani nyingi kuliko Kariakoo? Mchele, maharage, dagaa na misumari hupimwa hapo tangu alfajiri mpaka usiku. Hatujasikia kiongozi akisimama na hasira ya namna ile kuwataka wananchi wapeleke majina ya jirani wanaowadhania kupunja ratili. Wakala wa Vipimo huko sokoni ana desturi nyingine kabisa: huichukua mizani, huipima kwa mawe yanayojulikana, kisha ndipo husema kama ni ya haki au ya hila. Hamkamati muuzaji kwa sababu jirani hapendi sura yake.

Mtu anayekumbuka Sodoma na kuisahau Madyan, basi, na ajiulize kama kinachomwongoza ni hofu ya Mungu au ni chuki yake mwenyewe iliyovaa kanzu. Tunaishi na mla riba, tunakula arusi ya mzinifu, tunampa mla rushwa kiti cha mbele. Hasira yetu yote tunaibakiza kwa watu wachache wasio na wa kuwatetea. Hasira ya namna hiyo ni ya bei rahisi, na mwanasiasa huijua bei yake. Kumkabili mwenye mali na mizani yake ya uongo kunahitaji ushujaa; kumnyoshea kidole mnyonge hakuhitaji chochote, na makofi hupigwa vile vile.

Tuje kwenye njia yenyewe, yaani kupelekeana majina. Hapa Uislamu haukuacha mlango wa shaka. Sura Al-Hujurat yakataza mambo matatu kwa pamoja: dhana nyingi, upelelezi, na kusengenyana, na ya tatu yafananishwa na kula nyama ya ndugu aliyekufa (49:13). Sura An-Nur yaagiza kwamba atakayemsingizia mwanamke mwenye heshima uchafu bila kuleta mashahidi wanne, apigwe yeye viboko 80 na ushahidi wake usikubaliwe tena (24:5). Katika mizani hiyo, mtu anayetuma jina la mwenzake kwa simu, pasipo shahidi hata mmoja, ni mshitakiwa kabla hajawa mshitaki. Kati ya ujumbe ule 5,763, ni wangapi walioandika yale waliyoyaona kwa macho, na ni wangapi walioandika ugomvi wa kiwanja, deni la duka, au wivu tu?

Imesimuliwa kwamba usiku mmoja Hadhrat Umar (r.a.), Khalifa wa pili, alisikia sauti ndani ya nyumba katika Madina, akakwea ukuta, akamkuta mwenye nyumba na pombe. Alipomkemea, yule mtu akamjibu kwamba ikiwa yeye amemkosea Mungu jambo moja, Khalifa amekosa matatu: amepeleleza, na Mungu amekataza upelelezi; ameingia kwa ukuta, na Mungu ameagiza nyumba ziingiwe kwa milango yake; na ameingia pasipo ruhusa wala salamu. Khalifa yule, ambaye falme zilimtetemekea, alinyamaza akamwacha. Yafaa watawala wote wakisome kisa hicho. Pombe haikuwa halali usiku ule. Lakini haramu iliyomo ndani ya nyumba haikuhalalisha haramu ya kupanda ukuta.

Na Mtume Mtukufu (s.a.w.) alitangulia kutuonyesha njia. Maiz alipokuja kukiri zinaa kwa ushauri wa Hazzal, Mtume alimgeuzia uso mara kwa mara, kana kwamba anampa nafasi ya kwenda zake. Adhabu ilipita kwa kuwa Maiz mwenyewe alishikilia kukiri. Lakini baadaye Mtume alimwambia Hazzal ya kuwa lau angalimsitiri kwa nguo yake, ingalikuwa heri kwake. Tazama, ewe msomaji: hata palipokuwa na kosa la yakini, aliyesababisha lidhihirike hakupewa shukrani. Watu wa pwani waliirithi adabu hiyo, wakaiita sitara. Hata lugha yetu ilikuwa na upole. Neno shoga, ambalo wanawake wa pwani wameitana tangu zamani kwa mapenzi, mtu na rafiki yake, leo barabarani limekuwa jiwe la kumrushia mpita njia.

Wapo watakaosema: sheria ya nchi inakataza, nasi twaitii sheria. Ni kweli kwamba kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinahukumu tendo hilo kwa kifungo kisichopungua miaka 30. Hapa hatujadili kifungu hicho, ingawa si vibaya kukumbuka kwamba kililetwa na Mwingereza, ambaye alikwisha andika cha namna hiyo katika sheria ya India mwaka 1860. Naye kwake alianza kukilegeza mwaka 1967, na Mahakama Kuu Kabisa ya India ilikipunguza nguvu Septemba 2018. Tunalosema ni kwamba hata sheria hiyo huhukumu tendo lililothibitishwa mbele ya hakimu. Haihukumu mwendo wa mtu, sauti yake, wala mavazi yake. Katiba ya mwaka 1977 nayo, katika ibara ya 13, yakataza kumtendea mtuhumiwa kama mkosaji kabla ya kuthibitika. Na katika ibara ya 16 yahifadhi maisha ya faragha ya kila mtu, maskani yake na mawasiliano yake. Mwenye kuitii sheria na aitii yote.

Wengine husema: tunawalinda watoto. Kulinda watoto ni faradhi, na mwenye kumdhuru mtoto, awe ni nani na amdhuru kwa namna yoyote, ashitakiwe bila huruma. Lakini kuichanganya jinai hiyo na maisha ya watu wazima ni kumpa mdhalimu wa kweli mahali pa kujificha. Kundi likikimbilia upande mmoja na mienge, yeye huondoka taratibu upande wa pili, pengine akiwa mjomba au mwalimu anayeheshimiwa na wote.

Kariakoo yajua vizuri kuliko mahali pengine matunda ya shutuma isiyopimwa. Neno moja tu, «Mwizi!», limetosha mara nyingi kukusanya mawe na matairi, na mtu akafa kabla hajaulizwa jina. Wizi ni haramu, wala hakuna anayebisha. Lakini ni nani asiyeona kwamba waliomwua wamefanya haramu kubwa zaidi, hata kama aliiba, sembuse kama hakuiba? Kumzoesha mwananchi kwamba dhana yake ni hukumu ni kumpa kiberiti. Leo atakiwasha mlangoni kwa anayechukiwa na wengi. Kesho upepo hugeuka.

Yabaki neno juu ya mataifa ya nje. Novemba 2018 Denmark ilizuia msaada wa krone milioni 65 kwa sababu ya matamshi yale, na Januari 2020 Marekani ilimpiga marufuku Makonda kuingia nchini mwake. Tangu hapo baadhi ya watu husema kwamba kuwatetea watu hawa ni kuuza utu wetu kwa fedha za Wazungu. Nasema, anayeacha dhuluma kwa kuogopa kunyimwa fedha, na anayeishikilia dhuluma ili aonekane haogopi kunyimwa fedha, wote wawili kibla chao ni kimoja, nacho kiko Ulaya. Sisi tunayo mizani yetu. Katika Mtaa wa Lumumba, mpakani mwa Kariakoo na Mnazi Mmoja, ndipo TANU ilipokuwa na makao yake, na mwanachama wake aliahidi kwanza ya yote kwamba binadamu wote ni ndugu zake. Hakuongeza «ila fulani». Na Kurani Tukufu yatuagiza kwamba kuchukia watu kusitupeleke kuacha uadilifu, maana uadilifu ndio ulio karibu na ucha Mungu (5:9). Amri hiyo ilishuka karne nyingi kabla Denmark haijatoa msaada kwa mtu.

Basi afanye nini mtu wa dini? Aihubiri imani yake kwa hekima na bila kuificha. Awalee wanawe kwa mfano wake. Asiseme uongo kwamba tendo analoliona kuwa kosa si kosa. Hakuna aliyemtaka aseme hivyo. Lakini asitume jina la mtu. Asicheke mtu anapotukanwa barabarani. Akisikia mlango wa jirani unapigwa mateke usiku, asijifanye amelala. Mgonjwa akienda hospitali, muuguzi na amtibu kwanza, maana ugonjwa hauulizi mtu alivyoupata, na anayeogopa kutibiwa huufikisha mpaka kwa asiyehusika. Na mzazi ambaye mwanawe ametajwa na watu, asimtupe nje. Mwana aliyefukuzwa nyumbani hajapata kuongozwa na barabara.

Siku ya hesabu hatutaulizwa tuliwajua wakosaji wangapi, wala hatutaombwa orodha. Mwenyezi Mungu anayo Yake, nayo haina jina lililoandikwa kwa uadui. Tutaulizwa jirani alisalimika vipi na ulimi wetu na mkono wetu. Mungu atujalie kuichukia dhambi, tukianza na zilizo zetu, na atulinde tusiwadhulumu waja Wake kwa jina Lake. Amin.