Kilichotokea na Kilichonaswa

Osiloskopu ya kidijitali huchora jinsi volti inavyopanda na kushuka kadiri muda unavyokwenda, lakini mchoro wake hautokani na waya peke yake. Aliyechagua skeli naye ana mkono wake humo. Hapo ndipo linapozuka swali la kifalsafa: je, chombo humwonyesha mtu kilichopo, au humjibu tu alichouliza?

Kwa kawaida kioo huwa na miraba 8 kwenda juu. Skeli ikiwa volti 5 kwa mraba, kioo kizima hubeba volti 40, na osiloskopu nyingi huigawa nafasi hiyo katika ngazi 256. Ngazi moja basi ni kama milivolti 156. Mtikisiko wa milivolti 50 uliopanda juu ya umeme wa volti 12 humezwa humo. Mstari hunyooka, na fundi mwenye haraka husema umeme ni safi. Chaneli ikiwekwa AC ili volti 12 zenyewe zizuiwe, na skeli ikashushwa hadi milivolti 20, mtikisiko ule ule huchukua miraba miwili na nusu.

Immanuel Kant alidai mwaka 1781 kwamba binadamu huvijua vitu jinsi vinavyomtokea, si jinsi vilivyo. Skeli inaelekea kumuunga mkono, ila kwa kiasi tu. Kwa Kant, namna hiyo ya kuona ni kama miwani isiyovulika, ilhali skeli hubadilishwa kwa hesabu inayojulikana kabla kitufe hakijazungushwa. Thamani isiyobadilika skeli inapobadilika ina haki ya kuitwa volti ya waya.

Utetezi huo huyumba tukio likiwa la mara moja. Rilei ya volti 12 isiyo na dayodi ya kinga inapozimwa, koili yake huweza kurusha volti zaidi ya 100 kwa muda mfupi mno. Kwenye skeli ya volti 5, mruko huo hukatwa kichwa: mstari bapa unaoonekana ukingoni ni mwisho wa kioo, si kimo cha volti. Hakuna kurudi nyuma kubadilisha skeli. Tukio hulazimika kuelezwa kabla halijatokea, kwa kuweka triga: kizingiti cha volti, mwelekeo wa kupanda au kushuka, na unasaji wa mara moja. Na mnaso wenyewe ni mfupi: kwa sampuli bilioni 1 kwa sekunde, kumbukumbu ya sampuli milioni 1 hujaa kwa milisekunde 1. Chombo kikiachwa kijiendee chenyewe, huwa kipofu kati ya mnaso mmoja na mwingine, kwa hiyo kioo kitulivu hakithibitishi kwamba hakuna kilichopita.

David Hume, mwaka 1748, alipima ushahidi wa jambo la ajabu kwa uzoefu unaojirudia. Mruko wa mara moja haujirudii; huaminiwa kwa shahidi wa pili, yaani probu nyingine iliyoshikwa kwingine kwenye sakiti, ikionyesha mshtuko wakati ule ule. Lakini mashahidi hao wanatumia ardhi moja, na waya mrefu wa ardhi huweza kuzua mruko wa uongo kwenye chaneli zote mbili. Fundi makini huongeza probu ya tatu, ncha yake ikigusana na klipu yake yenyewe ya ardhi. Hiyo nayo ikiruka, zile mbili za kwanza haziaminiki tena.