Mama aliyefutwa ndani ya foto



Neno letu liko katika Matendo ya Mitume, sura ya 5. Anania aliuza shamba, akapatana na muke wake Safira, akaficha sehemu ya bei, kisha akaleta iliyobaki mbele ya mitume kana kwamba ndiyo yote. Feza aliyoleta ilikuwa feza ya kweli. Uwongo ulikuwa pale alipokata.

Sisi mashemasi tunaopiga foto za kanisa tumesoma Neno hili mara nyingi, wala hatukujiona ndani yake. Siku ya kufungua chapeli yetu tulipiga waamini wote kwa telefone. Pembeni aliketi mama muzee mumoja, mujane, kikwembe kimepasuka, fimbo iko chini miguuni. Tukasemezana: anaharibu foto. Ndani ya programu Snapseed kuna chombo cha kuondoa madoa: unapitisha kidole, nacho kinachukua rangi ya jirani na kufunika pale. Kwa Kiingereza wanakiita cha kuponya, wapendwa! Tulipitisha kidole mara tatu, mama akawa ukuta mweupe. Tukaongeza mwangaza, kanzu zikangaa, tukatuma kwa WhatsApp.

Usiku mutoto wake anayeishi mbali akatupigia. Alikuwa ametafuta uso wa mama yake kati ya watu wote, akaona fimbo tu. "Mashemasi, munanificha nini? Mama amekufa?"

Tukafuta ujumbe kwa wote, maana siku mbili zilikuwa hazijapita. Lakini waliokwisha kuihifadhi wangali nayo mpaka leo. Kwa neema, Snapseed ilikuwa imeweka kazi yetu kama nakala, foto ya kwanza ikabaki salama. Hiyo tukaituma, pamoja na maungamo yetu.

Kuongeza mwangaza si zambi. Giza la chapeli yetu munalijua. Lakini kumutoa mutu aliyekuwepo ni ushuhuda wa uwongo, na Kutoka 20 inaukataza. Sasa hatutumi foto kabla wale walio ndani yake hawajaiona. Na mugonjwa anayeombewa hatumutumi bila ruhusa yake.

Siku ya Mungu iliyofuata tulipiga magoti mbele ya mama, tukamuonyesha foto zote mbili. Aliangalia muda murefu, akauliza: "Wanangu, kidole kinachoweza kufuta mutu, hakiwezi kushona kikwembe?"

Tukakosa jibu. Tukachangishana palepale, tukaenda soko.