ULEVI NA USUKANI



Ndugu zetu Waislamu, wako wengi katika sisi wasafirio kwa biashara kutoka pwani mpaka Kibwezi, kisha wakashika barabara ya lami iendayo Kitui kwa njia ya Ikutha. Huko Ukambani asali ni nyingi, na kinywaji kifanywacho kwa asali na matunda ya mwegea, kiitwacho muratina, chajulikana na wote. Wako madereva wasemao kuwa hiyo ni asali tu, na kikombe kimoja hakimlevyi mwanamume. Twawajibu: asali ni halali, lakini ikishachacha ikalevya, jina lake katika sharia ni khamri, na tone lake ni haramu kama mtungi wake.

Na tuitazame khatari yake. Gari iendayo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kwa sekunde moja. Ulevi huchelewesha akili kabla mtu hajaanza kuyumba. Basi aliyechelewa sekunde moja kukanyaga breki huwa amekwisha kumfikia mtoto avukaye na mbuzi wake. Wala kahawa na maji baridi havimlevui mtu. Ini ndilo liondoalo ulevi, tena polepole, kwa masaa.

Mwenyezi Mungu, kabla ya kuiharamisha khamri kabisa, aliwakataza waumini kusali hali wamelewa, mpaka wajue wanenalo. Basi asiyeaminiwa kwa ulimi wake katika sala, ataaminiwaje kwa roho za watu katika gari?

Akiua mtu kwa kosa, juu yake iko kafara, na warithi wa maiti wana haki ya diya. Mola hupokea toba kwa haki Yake. Haki ya mayatima hudaiwa.

Nasi tusiokunywa tusijione tumesalimika. Tajiri ampaye dereva ufunguo naye ajua kuwa amelewa, na abiria amwonaye akayumba kisha akapanda kwa kuwa usiku umeingia, wote wamesaidia dhambi. Sheria ya nchi nayo yakataza, ila askari hayuko kila kona. Mola wetu haghafiliki.

Kheri kulala Ikutha usiku mmoja, bidhaa ikachelewa sokoni, kuliko kurejeshwa Mombasa juu ya jeneza.